Sura ya Kuazima

Akimana alikufa bila kuacha sura. Mtoto mmoja aliacha, aliyempata ukubwani baada ya kuzika watatu. Jembe aliacha, na kitenge kimoja kizuri cha kwendea kanisani. Lakini picha yake hata moja haikuwepo. Iliyowahi kuwepo ilikuwa ndani ya simu ya shemeji yake mmoja, na simu hiyo iliibiwa gulioni, picha ikaenda nayo.

Aliyeulizwa habari ya picha ni dada yake mkubwa, Maximilla. Ndiyo kwanza alikuwa ameingia Kibondo akitokea kwake Heru Juu, kule upande wa Kasulu, na hata maji ya kunywa hajapewa.

"Dada, jeneza limepatikana," wakamwambia wanawake waliokuwa wakipika msibani. "Msalaba fundi anaupaka rangi. Picha ndiyo hatuna."

"Picha ya nini?"

"Yoo! Ya kubandika msalabani, dada. Au tumzike kama mtu aliyeokotwa barabarani?"

Maximilla akakaa chini. Zamani kaburi lilikuwa udongo na jiwe, basi. Siku hizi kila msalaba una uso wake, umefunikwa nailoni ngumu mvua isiuharibu, na msalaba usio na uso watu wanaupita wakigunaguna.

Akimana angekuwa na picha kama angekuwa na kadi ya kupigia kura, maana kwa watu kama wao ile kadi ndiyo studio. Lakini waandikishaji walipokuja mara ya kwanza na mashine zao, Akimana alikuwa kibarua kwenye shamba la watu, mbali, na mwenye shamba alisema atakayeondoka katikati ya palizi asirudi. Waliporudi miaka mingine alikwenda, akakaa kwenye foleni toka asubuhi, na alipofika mbele akaambiwa alete cheti cha uraia. Cheti kilikuwa kimeungua pamoja na nyumba ya nyasi. Kupata kingine ni kwenda wilayani, kisha mkoani, kisha kungoja, kisha kwenda tena. Akimana akarudi kupalilia. Kila mtu alimwambia kadi ni bure. Na kweli ilikuwa bure.

Maximilla yeye alikuwa nayo. Alikuwa amebebwa mgongoni kutoka Burundi akiwa mtoto wa miaka minne, mwaka ule wa vita, na toka hapo kila karatasi aliyopewa iliandikwa mkimbizi. Aliolewa ikiwa imeandikwa mkimbizi, akazaa, akafiwa na mume, bado mkimbizi. Siku alipopewa uraia hakulia. Alilia siku alipopewa ile kadi. Miaka yote hiyo walikuwa wakihesabiwa ili wagawiwe unga na blanketi. Siku ile alihesabiwa ili aulizwe, wewe Maximilla unamtaka nani. Hakuwahi kuulizwa na mtu jambo kubwa kama hilo. Kadi aliishonea kifuko cha kitambaa, akawa anaivaa shingoni ndani ya gauni, na kwenye foleni ya kupiga kura alikuwa anafika kabla ya wasimamizi.

Sasa msibani mwanamke mmoja akamwangalia sana, akasema, "Mlivyofanana na marehemu, Mungu wangu. Ukimtoa dada mtu miaka kumi, ni yeye kabisa."

Hakuna aliyesema zaidi ya hapo. Wote wakaendelea kupepeta mchele. Maximilla akashika kifuko chake. Picha ya kwenye kadi ilikuwa ya miaka saba nyuma, na uso uliokuwa mle si huu wake wa sasa uliokunjamana. Ulikuwa uso wa mwanamke wa makamo, mashavu yamejaa, macho yametulia. Ulikuwa uso wa Akimana.

Studio ya Shamsi ilikuwa karibu na soko la Kibondo. Shamsi akaipokea kadi, akaitazama, akamtazama mama aliyesimama mbele yake.

"Bibi, si ni wewe huyu?"

"Ni mdogo wangu. Amefariki."

"Pole sana, bibi. Jamani, mmefanana!"

"Watu wote wanasema hivyo."

Kule kusema ni mdogo wake ndiko kulikuwa uongo wa kwanza, nao ulimtoka laini kama jasho. Shamsi akatoa picha mbili, ndogo ya msalabani na kubwa ya ukutani, akaziweka kwenye bahasha moja pamoja na kadi.

Watu waliiona picha wakalia upya. Bibi Nizigiyimana, mama mkwe wa Akimana, ambaye macho yake yameingia ukungu, aliishika kwa mikono miwili akasema, "Ndiye. Ndiye huyu mwanangu." Mume, Nsabimana, alifika siku tatu baada ya maziko, maana alikuwa kwenye tumbaku huko Urambo. Alisimama mbele ya msalaba kwa muda mrefu sana. Kisha naye akasema, "Ni yeye." Maximilla hakujua kama alisema hivyo kwa heshima ya watu, au alikuwa kweli ameusahau uso wa mkewe. Baada ya wiki mbili alirudi kwenye tumbaku, na huko tunasikia ana mke mwingine.

Mtoto, Divine, alikuwa na miaka minne. Maximilla akamchukua. Walipokuwa wamefika nusu ya safari ya kurudi Kasulu ndipo akajipapasa shingoni akakuta kifuko kitupu. Picha kubwa alikuwa nayo mkobani. Kadi ilibaki kwenye bahasha kwa Bibi Nizigiyimana.

Akasema moyoni, nitaifuata siku ya kuganduka, yaani siku ya kumaliza msiba. Ukoo unakusanyika baada ya mwaka, wanakunywa pamoja, wanagawana vitu vya marehemu, kila mtu anarudi kwenye kazi zake. Lakini siku hiyo ilipofika Divine alikuwa anaharisha na Maximilla hakwenda. Kura ilikuwa bado mbali. Kadi haili wala hainywi, akasema, itakaa.

Miaka mitatu ikapita. Divine akaanza darasa la kwanza. Ile picha kubwa ilikuwa ukutani, juu ya kitanda chao, na kila asubuhi kabla ya kuvaa sare mtoto alikuwa anaiamkia. "Shikamoo mama. Naenda shule." Mara nyingine alimsimulia nani kapigwa na mwalimu. Siku moja alimgeukia Maximilla akamchungulia usoni, akasema, "Mama mkubwa, ukitabasamu unafanana na mama kidogo."

"Kidogo tu?"

"Kidogo. Mama ni mzuri."

Maximilla alicheka mpaka akalazimika kutoka nje.

Basi mwaka wa uchaguzi ukafika. Likapita gari la matangazo na kipaza sauti: daftari la wapiga kura limebandikwa shuleni, kila mtu akaangalie jina lake, mwenye kasoro arekebishiwe, mwenye kadi iliyopotea apewe nyingine, siku ni saba. Ulikuwa wakati wa kuvuna maharage, na maharage yakikauka sana yanapasuka shambani yenyewe. Maximilla alivuna siku tatu mfululizo mpaka usiku uingie ili aipate ya nne. Asubuhi hiyo akaoga, akavaa kitenge cha kanisani, akaenda.

Jina lake halikuwa ukutani. Alisoma polepole kwa kidole, kama alivyofundishwa zamani kabla hajaachishwa shule, akarudia toka juu. Halikuwepo. Akaingia ndani kwa mwandishi, binti mmoja wa mjini aitwaye Safina, mwenye sauti ya upole, amekaa nyuma ya mashine.

"Mwanangu, kadi yangu imebaki msibani Kibondo. Na jina silioni."

Safina akauliza majina yote, mwaka wa kuzaliwa, akabonyeza. Akabonyeza tena. Akainua macho, akayashusha.

"Mama, samahani. Huyu mtu amefariki."

"Nani?"

"Huyu. Niyubahwe Maximilla. Taarifa ya kifo ilitolewa Kibondo na kadi ikarudishwa."

Watu waliokuwa nyuma kwenye foleni wakaangua kicheko. Gharibu, mwenye duka la pembejeo, akasema kwa sauti, "Mama Maximilla, kumbe ni marehemu tunayekukopesha mbolea!"

"Cheka tu, Gharibu. Nitakuja kukutokea dukani."

"Lakini jamani, picha imetusaidia," Gharibu akasema, akiwageukia wengine. "Zamani marehemu walikuwa wanapiga kura kuwashinda wazima. Na wakimbizi wa kambini wangekuja wote kutuchagulia diwani. Sasa sura yako ndiyo kura yako. Mimi naunga mkono."

"Unaunga mkono kwa sababu una pikipiki," mama mmoja akamjibu. "Ungekuwa unatembea na mguu ungeunga mkono kitu kingine."

"Kadi ni bure, dada."

"Kadi ni bure. Na hii siku yangu niliyosimama hapa, nani kanipa bure?"

Maximilla hakuwa anawasikiliza tena. Alikuwa ameshaelewa. Aliona bahasha ile, aliona mikono ya yule bibi kizee inapapasa, aliona kila kitu kilivyokwenda.

"Mwanangu Safina," akasema, "mimi niko hai. Nishike mkono."

Safina akamshika kweli, akatabasamu kwa huzuni. "Naona mama. Hapa kitongojini wote wanakufahamu, hata mwenyekiti wenu angeandika. Lakini aliyetoa taarifa ya kifo ni mwenyekiti wa kule. Yeye ndiye aifute. Alete maelezo kwamba mwenye picha hii yuko hai na marehemu ni mtu mwingine, na aeleze alikoseaje. Ukinipatia barua yenye mhuri kabla ya kufunga, nakurudisha siku hiyo hiyo. Bado siku tatu."

"Na bila barua?"

"Bila barua siwezi, mama. Ningeweza ningeshafanya."

Mwezi wa kumi na moja mwaka uliopita Maximilla alikuwa amepiga kura ya mwenyekiti wa kitongoji. Pale hapakuwa na mashine. Palikuwa na mzee Bazilio na orodha iliyoandikwa kwa kalamu, anainua macho, anamwona mtu, anatia alama. Alimwona Maximilla akamwambia, "Pita, umechelewa leo." Ndiyo ilikuwa kadi yake. Kwa kura ndogo watu wanatazamana usoni. Kwa kura kubwa uso lazima upite kwenye karatasi kwanza.

Aliuza jogoo apate nauli. Maharage aliyokuwa hajavuna akayaacha yapasuke. Divine hakuwa na mtu wa kumwachia, akaenda naye, na mtoto alifurahi njia nzima kwa sababu anakwenda kuliona kaburi la mama. Alikuwa amechuma maua ya njano ya porini, yakanyauka mkononi kabla hawajafika.

Mwenyekiti wa kitongoji kile cha Kibondo aliitwa Ndayikunda. Alikuwa anachambua mbegu kibarazani, na alipomwona Maximilla anaingia uani ungo ulimponyoka.

"Yemwe! Shemeji? Wewe si ndiye dada wa Akimana?"

"Ndiye. Na ndiye uliyenizika."

Alipomweleza, Ndayikunda alishika kichwa. Kisha akaanza kucheka, akajizuia, akamsogezea kigoda.

"Kaa shemeji. Kaa nikuambie mambo yalivyokuwa. Tuliambiwa tukusanye kadi za marehemu wote, majina yatolewe. Nikaenda kwa Bibi Nizigiyimana. Akanipa bahasha, akasema vya marehemu ni hivi. Nikatoa kadi. Mimi si mtu wa kubahatisha, shemeji. Nilikwenda nayo mpaka kaburini, nikaiweka pembeni ya msalaba. Sura ile ile, mpaka hako kakovu kwenye nyusi. Jina nikaona ni lingine. Lakini sisi watu wa huku nani ana jina moja? Kanisani lake, nyumbani lake, kwenye makaratasi ya ukimbizi lake. Nikasema hilo litakuwa la ukimbizi. Nikatia sahihi."

"Hukukosea," Maximilla akasema. "Sisi ndio tulikukosesha."

"Kwa hiyo ile ya msalabani ni ya kwako?"

"Ego. Ni ya kwangu."

Ndayikunda akauliza, "Na Akimana yuko wapi?"

"Hayupo. Hana picha popote."

Kuku wakapita kati yao. Ndayikunda akafagia mbegu kwa kiganja, akazirudisha kwenye ungo.

"Niandikie tu kwamba niko hai," Maximilla akasema. "Mistari miwili. Nimesimama mbele yako."

"Kwamba uko hai najua mimi, hata hawa kuku wanajua. Karatasi ndiyo haijui. Nikiandika uko hai, wataniuliza, basi ile picha uliyoapa kwamba ni ya marehemu ni ya nani? Ilifikaje kaburini? Watadhani tunauza kadi hapa mpakani. Unajua wanavyotutazama, shemeji. Sisi tukikosea hawasemi tumekosea, wanasema si raia. Lazima niandike yote. Kwamba picha ni ya kwako, kwamba iliwekwa kwa sababu marehemu hakuwa na picha, na mashahidi wawili wa ukoo watie dole. Na ile ya msalabani tuitoe, niipeleke pamoja na barua. Mtendaji hatagonga mhuri bila hiyo. Namfahamu."

"Tuitoe?"

"Misumari minne tu. Koleo ninayo."

Alisema hivyo kwa wema. Alikuwa mtu mwema, na wala hakuna mahali alipokosea. Akaingia ndani kuitafuta koleo.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba ya Bibi Nizigiyimana, karibu na migomba. Walipofika, Divine, aliyekuwa ameachwa hapo kwa bibi yake, alikuwa tayari amechuchumaa mbele ya msalaba. Maua yaliyonyauka alikuwa ameyapanga chini. Alikuwa ametema mate kwenye pindo la gauni lake na anaifuta ile picha, taratibu, kuanzia kwenye paji la uso, kama mtu anavyomnawisha mtoto mdogo. Bibi kizee amekaa pembeni kwenye mkeka, anasikiliza.

"Ana vumbi mpaka puani," Divine akasema. "Bibi, hamumwogeshi?"

"Mvua inamwogesha, mjukuu wangu."

Ndayikunda akasimama nyuma na koleo yake. Akamnong'oneza Maximilla, "Mtoto tumpeleke kwa jirani kidogo?"

"Atarudi aone pametobolewa."

"Basi mwambie ukweli. Ni mdogo. Watoto wanasahau."

Maximilla akamwita. Alikuwa ameamua. Njia nzima alikuwa ameshaamua: angemwambia mtoto polepole, kwamba mama yako alikuwa mtu mwingine, mzuri kuliko huyu, na mimi nitakusimulia alivyokuwa, kila siku nitakusimulia. Akampakata, mifupa yote hiyo ya miguu mirefu.

"Divine. Unamkumbuka mama yako?"

"Ndiyo."

"Alikuwaje?"

Mtoto akamwangalia kama mtu mzima anayeulizwa swali la kipumbavu. Akaonyesha kwa kidole. "Si huyo?"

"Bila kumtazama huyo. Fumba macho. Niambie unavyomkumbuka wewe, kabla hajafa."

Divine akafumba macho kwa nguvu mpaka pua ikakunjamana. Akakaa hivyo. Bibi kizee akageuza kichwa, Ndayikunda akatazama chini.

"Hana kilemba," Divine akasema. "Nywele zake fupi. Hacheki lakini hajakasirika. Ananitazama. Nyuma yake kuna ukuta mweupe." Akafumbua macho. "Mama mkubwa, nyumba yetu ya zamani ilikuwa nyeupe, eeh?"

Ulikuwa ukuta wa darasa. Waandikishaji walitundika shuka jeupe ukutani, wakamwambia Maximilla avue kilemba, atazame mbele, asicheke. Nyumba ya Akimana ilikuwa ya udongo na nyasi, ndiyo ile iliyoungua. Akimana alikuwa anacheka kila wakati, anacheka hata kanisani, na jino lake moja la mbele lilikuwa limevunjika. Mtoto hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Mle ndani yake hapakuwa na mama mwingine wa kumrudishia. Palikuwa na huyu wa kwenye kadi, basi.

"Ego, mwana wanje," Maximilla akasema. "Ilikuwa nyeupe."

"Kubwa?"

"Kubwa."

Divine akashuka mapajani, akarudi kufuta vumbi.

Maximilla akamgeukia Ndayikunda. "Rudisha koleo nyumbani, mwenyekiti."

"Shemeji, fikiri. Kesho kutwa wanafunga. Baada ya hapo mpaka miaka mitano, na kuanza upya mwanzo kabisa, kama mtu asiyewahi kuandikishwa. Watakuuliza cheti, watakuuliza ulizaliwa wapi, babu yako ni nani."

"Najua."

"Na kwenye daftari utabaki marehemu."

"Najua, shemeji."

Bibi Nizigiyimana akasema kutoka kwenye mkeka, "Mimi siku ile niliishika ile picha, nikajua si yeye. Macho yangu hayaoni lakini nilijua. Mlivyonyamaza wote, nikanyamaza."

Ndayikunda akaitia koleo mfukoni, akaondoka akiinama kupita chini ya majani ya mgomba.

Njiani kurudi Maximilla alikuwa na hasira. Alidhani angekuwa na amani, hakuwa nayo. Mtoto alitaka kununuliwa andazi, akamfokea mbele za watu mpaka akalia. Alimkasirikia Akimana pia, maskini ya Mungu, kwa nini asingeacha ile palizi siku moja tu, siku moja akapigwa picha yake mwenyewe akafa nayo. Kisha akakumbuka kwamba siku hiyo moja ndiyo ilikuwa chakula cha wiki. Hasira ikakosa pa kwenda, ikabaki imekaa tu. Akamnunulia andazi.

Kwa Safina hakurudi. Siku zile mbili zilizobaki alikuwa shambani akiokota maharage chini, moja moja.

Siku ya kura ilikuja na mvua za kwanza. Watu walianza kupita na njia ya shuleni bado giza, wameshika kadi zao kwenye nailoni. Maximilla aliwasikia kutoka kitandani. Miaka mingine angekuwa mbele yao. Akaamka, akachukua jembe na mbegu za mahindi, akashika njia nyingine na Divine, maana shule ilikuwa imefungwa kwa ajili ya uchaguzi.

Karibu na saa tano Mwamvua, jirani yake wa shamba la pili, akapita anarudi. Kidole chake kimetiwa wino, amekinyoosha asikichafue kitenge.

"Maximilla! Leo sikukuona. Ulipitia wapi?"

"Mvua, Mwamvua. Nikasema nipande kwanza, isije ikaniponyoka."

"Wewe? Wewe wa kuamsha wasimamizi? Haya bwana, wazee tunabadilika!" Akacheka, akapita zake. Mwamvua hakuwa amesikia habari za daftari, au alikuwa amezisikia akadhani zilikwisha rekebishwa.

Divine akamfuatilia kwa macho mpaka akapotea kwenye kona. Kisha akakishika kidole cha Maximilla, akakigeuza huku na huku, udongo tupu.

"Mama mkubwa, kwa nini wewe hukwenda?"

"Nilikuwa na kazi ya kupanda. Si unaona?"

Mtoto akafikiri. Kwao darasani walikuwa wamefundishwa kwamba kila raia mzuri anakwenda, na yeye alikuwa anashika sana mambo ya mwalimu.

"Mama angekwenda," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayejivunia kitu chake.

Maximilla akaegemea jembe. Mvua ilikuwa imeanza tena, nyembamba, haina sauti.

"Angekwenda," akasema. "Angekuwa wa kwanza kwenye foleni."

"Hata kama mvua?"

"Hata kama mvua."

Akachimba shimo lingine. Mtoto akadondosha mbegu tatu, akazifukia kwa mguu, wakasogea hatua moja mbele.